Mahali pa Kidole Gumba

Jumatatu, 5 Februari

Mvua tangu asubuhi. Daftari la mwaka jana lililowa ndani ya begi, kurasa zikashikana. Hili nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nitaandika tarehe, mvua na kazi. Mengine yakija, nayo yataingia.

Leo Papa Marcellin, perezida, yaani mwenyekiti wa kwaya yetu, alinifuata sekretaria, hapa mtaani Mutakura, ninapochapia watu barua na kutoa fotokopi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafuta maji usoni, akasema kamati imekubali. Siku ya Pentekoste, parokia ikitimiza miaka hamsini, kwaya ya Kiswahili itatoa kitabu chake. Nyimbo themanini na nne. Ni zilezile nilizochapa kwenye kompyuta kwa miaka sita, mmoja mmoja, kutoka kwenye makaratasi ya mkono ambayo watu walikimbia nayo kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka.

"Na jina yako itakuwa ndani, Irène," alisema. "Ukurasa wa pili. Mpangilio wa kurasa, halafu jina yako yote."

Nilijifanya napanga karatasi, nisionekane nina njaa. Lakini ninayo. Kwenye kila partisyon yetu, karatasi ya noti, kuna jina la aliyetunga na la aliyepanga sauti. Kwenye moja kuna hata jina la aliyetoa karatasi. Jina la aliyechapa halijawahi kuwepo.

Alhamisi, 8 Februari

Mvua. Umeme hakuna. Sikufanya kitu.

Jumatatu, 12 Februari

Naandika hapa vipimo, maana kompyuta hii ni nzee na siiamini.

Programu ya noti ina kitu kinachoitwa faili ya mtindo. Unapanga ukurasa mmoja unavyotaka: ukubwa wa ile mistari mitano, ukubwa wa maneno, pambizo, nafasi kati ya sauti moja na nyingine. Kisha unahifadhi mipangilio hiyo peke yake, bila wimbo. Ukifungua wimbo mwingine unapakia mtindo, na kurasa zote zinajipanga hivyohivyo mara moja. Ni kama kalibu ya matofali. Udongo wowote utakaotia, tofali ni lilelile.

Faili yangu inaitwa KWAYA. Ninayo moja tu, kwa makusudi. Ukiwa na mbili, siku moja utapakia ile isiyo yake.

Mistari mitano, kutoka wa juu hadi wa chini: milimita 8. Maneno ya wimbo: pointi 14. Kichwa cha wimbo na majina: pointi 18. Pambizo za juu, kushoto na kulia: milimita 15. Pambizo ya chini: milimita 28.

Fundi yeyote wa jambo hili angeicheka hiyo 28. Kuna sababu. Kwenye kwaya yetu watu watatu wanaimbia karatasi moja. Hakuna aliyeamua. Ilianza zamani karatasi zilipokuwa chache, ikabaki. Wa katikati anashika na kusoma. Wa kushoto anafungua kurasa. Wa kulia anasikiliza, na wa katikati anamnong'oneza maneno kabla hayajafika. Kwenye sauti ya pili, wa katikati ni mama yangu. Kushoto ni Mama Odette. Kulia ni Mama Fabiola, ambaye hakukanyaga shule hata siku moja na anajua nyimbo zote kwa njia ya sikio la kushoto.

Mama ana miaka sabini na moja. Mwaka ule nilipoanza, kidole gumba chake kilikuwa kinafunika mstari wa mwisho, ambao kwa bahati mbaya ndio wa sauti ya nne, na wanaume waliokuwa wakichungulia nyuma yake walikuwa wanapotea. Nikachukua rula nikapima kidole chake. Milimita 26. Nikaongeza mbili.

Kuna jambo moja ambalo mtindo hauwezi: kujua pa kufungulia ukurasa. Hilo ni la mkono. Nikishapakia, napitia wimbo wote, nahakikisha ukurasa unaisha pale sauti ya pili inapopumzika, Mama Odette apate nafasi ya kufungua bila kukosa noti.

Jumatano, 21 Februari

Mazoezi. Mvua ilituzuia ndani mpaka saa kumi na mbili.

Fortunat, mwalimu mpya wa kwaya tangu Desemba, ana miaka thelathini na moja na amesomea muziki Bukavu. Sote tunamwita Maestro. Mimi ananiita Yaya, dada mkubwa, na anaitamka vizuri.

"Yaya Irène, nipe ile mtindo yako, mi nikusaidie. Nyimbo makumi munane na ine, peke yako utaweza?"

"Nitaweza, Maestro."

"Utaweza, ndiyo. Lakini Pentekoste itakukuta na mvi."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamwekea faili kwenye flashi yake, pamoja na nyimbo thelathini. Miaka sita ya kupima na kupima tena imeingia mahali padogo kuliko picha ya pasipoti.

Jumamosi, 2 Machi

Mvua. Wanasema ziwa limepanda tena. Sioni vibaya kusaidiwa. Fortunat ni kijana mwenye adabu.

Jumamosi, 9 Machi

Fortunat aliniletea flashi yake asubuhi. "Zote thelathini tayari, Yaya." Nikanakili folda yake kwenye kompyuta yangu. Mashine ikauliza: faili ya jina hili ipo, ibadilishwe? Nikajibu ndiyo, kama ninavyojibu siku zote. Faili moja, sheria moja.

Kisha nikafungua wimbo wa kwanza, ule wa kuingia.

Nilidhani nimekosea kufungua. Noti zilikuwa kama mchele uliomwagika. Mistari mitano, milimita 5. Maneno, pointi 8. Pambizo zote nne, milimita 8. Nikafungua wa pili, wa tatu. Nikafungua mtindo wenyewe. Alikuwa amebadilisha vipimo vyote akahifadhi juu ya jina lilelile, KWAYA, nami kwa mkono wangu nilikuwa nimeifuta ya zamani.

Mazoezini nilimvuta kando, karibu na mlango wa sakristia.

"Maestro, umegusa mtindo."

"Nimeupa nguvu, Yaya."

"Kwa nini hukuweka jina jingine?"

"Jina jingine ya nini? Ni mtindo ule ule, nimepunguza tu." Akachukua kitabu cha sala kwenye meza, akakifunga ndani ya kiganja. "Angalia. Kitabu ya mukono moja. Kwa vipimo vyako ni kurasa mia mbili na kumi na mbili, lile ni tofali. Kwa vyangu ni makumi kenda na sita, na mwenye kuchapa anaweza kupiga pini. Kila mutu na chake. We umesha kuona kwaya ya watu wakubwa ambako watu watatu wanalala juu ya karatasi moja?"

"Na wamama wa sauti ya pili? Watasoma nini?"

"Wamama wanajua kwa moyo. Si ni we unasemaka hivyo?"

Ni kweli, nimesema hivyo mara nyingi. Nilikuwa nikiwasifu.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua.

Jumatano, 13 Machi

Papa Marcellin alikuja tena sekretaria. Safari hii hakukaa.

"Irène, usilete vita mu kwaya."

"Sileti vita, Papa. Nataka vipimo vya kwanza."

"Maestro anasema, kama faili iko, anaweza kumaliza yeye mwenyewe. Ni kubonyeza tu, anasema." Akatazama nje, mtaro ulikuwa umefurika. "Sasa akimaliza yeye, pale ukurasa wa pili tutaandika jina ya nani?"

Nilimwambia nitafikiri.

Kubonyeza tu. Hilo ndilo nimejitengenezea. Ningechora kila ukurasa kwa kalamu, wangenihitaji mpaka wimbo wa mwisho. Nilitengeneza kalibu nzuri, na kalibu nzuri haina haja ya fundi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekubali kumaliza kwa vipimo vya Maestro.

Nilitoa sharti: nakala kumi na mbili kubwa, kwa vipimo vyangu, kwa ajili ya wazee. Papa Marcellin alifurahi mpaka akanishika mkono kwa mikono miwili. "Hiyo iko ndani ya mupango. Kabisa kabisa!" Sikumwomba aandike. Mimi, ninayeandika hata siku ya mvua tupu, sikumwomba.

Mama aliniuliza jioni kitabu kinaendaje. Nikasema kinaendelea.

Jumatatu, 18 Machi

Nyimbo 9.

Jumanne, 19 Machi

Nyimbo 14. Mvua ya mawe saa nane, bati la sekretaria lilipiga kelele sikusikia simu.

Alhamisi, 21 Machi

Nyimbo 11. Kurasa zinakatika popote. Kwenye wimbo wa matoleo, ukurasa unaisha "Bwa" na unaofuata unaanza "na". Zamani nisingelala. Leo nimehifadhi nikafungua mwingine.

Jumamosi, 23 Machi

Nyimbo 20, zimekwisha. Nimechapa pia ukurasa wa pili, wa majina, ndani ya programu ileile ili kitabu kiwe na sura moja. Kamati, watunzi, wapanga sauti. Na chini kabisa: Mpangilio wa kurasa, Irène Nabintu. Nimeutazama muda mrefu.

Niandike ukweli wote. Kurasa hizi ndogo zinapendeza. Zimejaa, ziko sawa, weupe haupotei bure. Ukizitazama kwa mbali zinafanana na vitabu vya Ulaya. Niliona fahari, na fahari hiyo ndiyo inayonikera.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Tuliimba kwa makaratasi ya zamani, vitabu havijatoka. Niko sauti ya kwanza, kwa hiyo nawaona wa sauti ya pili kwa ubavu. Vichwa vitatu vimeegemeana. Mama akinong'ona, mdomo unamkaa pembeni. Mama Odette alifungua ukurasa kwa kulamba kidole, Mama Fabiola akacheka katikati ya Utukufu kwa jambo ambalo sitalijua.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Mvua. Kuta za choo cha jirani zimeanguka.

Jumamosi, 20 Aprili

Vitabu vimefika, vyekundu, vimetiwa pini. Mazoezini kila mtu alipewa chake. Fortunat aliwatenganisha watu hatua moja moja, kila mmoja asimame peke yake na kitabu chake.

Mama Odette alikifungua, akakisogeza mbele, akakisogeza nyuma, mkono ukafika mwisho.

"We Irène, njoo apa. Hizi ni noti ao ni sisimizi?"

"Ni noti, Mama Odette."

"Basi mi nangoja zitembee zifike kwenye sukari, ndio nitajua zinaelekea wapi."

Sauti ya pili yote ikacheka. Fortunat akapiga kiganja juu ya kinanda. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika kitabu chini, mahali pake pa siku zote, na kidole gumba kilifunika mistari miwili mizima.

Jumatano, 24 Aprili

Kuna jambo sikulijua. Fortunat amebadilisha sauti ya pili katika nyimbo kumi na moja. Aliibadilisha mwenyewe kwenye zile thelathini za kwanza, na mimi nilitazama ukubwa wa noti, sikutazama noti zenyewe. Wamama wanaimba kama wanavyojua moyoni, na wanachojua moyoni sasa ni kosa.

"Mufuate kitabu!" anasema. "Kitabu iko mu mikono yenu, mufuate kitabu!"

Mama Fabiola alisogea kwa Mama, kwa mazoea ya miaka ishirini, akatega sikio la kushoto. Mama hakuwa na cha kumnong'oneza.

Alhamisi, 25 Aprili

Nilimwendea Papa Marcellin kuhusu zile nakala kumi na mbili. "Baada ya sherehe, Irène. Sasa kichwa yangu imejaa mahema na soda."

Jumamosi, 4 Mei

Mtihani. Sikujua kwamba kwaya ya parokia ina mtihani.

Fortunat aliita mmoja mmoja mbele, akafungua kitabu popote, "Ukurasa wa arobaini, sauti yako, anza." Vijana waliimba wakikosea, lakini walikosea mahali palipoandikwa. Mama Fabiola alipoitwa alisema tu, "Maestro, mi sijuwe kusoma, unajua," akarudi kukaa kabla hajaambiwa. Mama Odette alifungua kitabu juu chini, makusudi, akaimba beti mbili za wimbo wa harusi. Watu walicheka mpaka machozi. Hata Fortunat alitabasamu, kisha akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Mama alienda mbele akiwa amenyoosha mgongo. Alivaa miwani ile ya sokoni. Alitazama ukurasa wa arobaini muda ambao mtu angeweza kusali Salamu Maria nzima. Kisha akaimba sauti ya pili ya zamani, yote, bila kutetereka, akiwa amekitazama kitabu kana kwamba anakisoma.

Fortunat alingoja amalize.

"Asante, Mama Irène. Ile haiko kwenye kitabu."

"Iko wapi basi?"

"Haiko popote, Mama. Ilikuwa ya zamani."

Nilikuwa nimekaa benchi ya tatu. Sikusimama.

Jumapili, 5 Mei

Orodha ilibandikwa mlangoni. Watakaoimba siku ya jubilei ni watu thelathini na wanane. Chini yake: "Wamama na wazee wetu wapendwa watakaa na waumini na kutuunga mkono kwa sala." Majina tisa. Imechapwa kwa herufi kubwa sana. Hiyo Mama aliisoma mwenyewe.

Jumatatu, 6 Mei

Hakuna mvua.

Jumamosi, 11 Mei

Nilimwambia Fortunat, "Ulijua."

Hakukasirika. Hilo ndilo baya zaidi. "Yaya, mi sikumfukuza mutu. Kitabu ndicho kimechagua. Na kitabu tulikitengeneza wawili." Akanigusa bega kwa heshima akaondoka.

Mwanzoni nilimwandika humu kuwa ni kijana mwenye adabu. Bado anayo. Nimeelewa anaitumia kwa kazi gani.

Jumapili, 19 Mei, Pentekoste

Jua kali, vumbi limerudi. Askofu alikuwepo, mahema mawili, watu mpaka barabarani.

Wale tisa walikaa benchi ya tatu wakiwa wamevaa kitenge cha kwaya, maana kilikuwa kimeshashonwa. Wimbo wa kuingia ulipoanza, nilisikia sauti ya pili ya zamani ikitoka kule chini, sauti moja tu. Iligongana na ile mpya mahali pabaya kabisa. Fortunat aligeuza kichwa kidogo. Sauti ikaendelea mstari mmoja zaidi, kisha ikanyamaza. Nilikuwa nimeshika kitabu chekundu. Nilifuata kitabu.

Nyumbani Mama aliweka kitabu chake mezani, akakifungua ukurasa wa pili, akapitisha kidole.

"Apa wameandika nini?"

"Ni majina ya kamati, Mama."

"Mengi hivi?"

"Mengi."

"Na nani alipunguza maandishi?"

"Ni Maestro."

Si uongo. Nimekaa nayo sentensi hiyo tangu mchana, nikiigeuza. Si uongo.

Jumatatu, 20 Mei

Watu watatu wamekuja sekretaria kunipongeza. Wameliona jina.

Alhamisi, 23 Mei

Nimefungua daftari hili ukurasa wa tarehe 12 Februari na kuingiza vipimo upya, kimoja kimoja: 8, 14, 18, 15, 28. Nimehifadhi kwa jina jingine, MAMA. Kisha, kwa siku tatu, nimepakia mtindo kwenye faili zote za kitabu, ya kwanza hadi ya mwisho, na kwenye zile nyimbo kumi na moja nimerudisha sauti ya pili ya zamani kutoka kwenye makaratasi. Kila ukurasa nimeukatisha pale sauti ya pili inapopumzika. Sijafanya kazi nzuri hivyo tangu nianze. Hakuna aliyeniagiza.

Jumamosi, 25 Mei

Nimechapa kitabu na kukitia pini za waya. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, sawasawa na alivyosema Fortunat. Tofali.

Jumapili, 26 Mei

Baada ya misa nilimpelekea Mama kitabu. Alikuwa jikoni nje anakaanga ndagala, vile visamaki vya ziwani, kwa mawese. Alifuta mikono kwenye kitenge, akakaa kwenye kigoda, akakiweka magotini na kukifungua katikati. Hakuhitaji miwani. Aliimba mistari miwili ya wimbo wa kuingia, polepole. Kidole gumba kilikaa mahali pake, hakikufunika kitu.

Kisha akatazama kushoto na kulia, kama mtu aliyesahau kitu kwenye benchi.

"Umenitengenezea kimoja?"

"Kimoja, Mama."

"Hiki ni cha watu watatu, mutoto yangu."

"Tutamwita Mama Odette. Na Mama Fabiola."

"Waje kuimba wapi? Apa kwenye moshi?"

Akarudisha kurasa nyuma mpaka mwanzo, akafika ukurasa wa pili. Mtindo nilikuwa nimeupakia kwenye faili zote, na ukurasa wa majina nao ni faili. Majina, pointi 18. Mama alisoma kwa kidole, kwa sauti, kama walivyomfundisha kwa masista. Kamati. Watunzi. Wapanga sauti. Nilitaka kusema kitu kabla hajafika chini.

"M-pa-ngi-li-o wa ku-ra-sa." Akasoma jina kimoyomoyo, niliona midomo.

"Si uliniambia ni Maestro?"

Ndagala zilikuwa zinaungua. Akainuka akaziepua, akapakua sahani mbili kama kila Jumapili, yangu akaiweka mahali pangu.

"Kula, zitapoa," alisema, akaingia ndani na sahani yake.

Kitabu kiko hapa mezani ninapoandika. Kwenye ukurasa wa pili, chini, ndani ya zile milimita 28, kuna alama ya kidole gumba, nyekundu ya mawese. Imekaa sawasawa pale nilipoipimia.

Mvua hakuna.